Nyumba Hufuata Kiti

Zamu ilipokwisha, Macho alifanya mambo yaleyale aliyoyafanya kila alasiri, kwa mpangilio uleule, kama mtu anayefunga milango ya nyumba kabla ya safari. Alichomoa mikono kwenye glavu ndefu zilizoshikizwa kwenye matundu ya sanduku la kioo. Alisubiri msimamizi akague trei ya mawe, afunge kifuniko na kugeuza ufunguo. Alivua ovaroli yake isiyo na mifuko, akaitundika kwenye ndoano, akanawa mpaka viwiko, akachana nywele kwa kitana cha kampuni mbele ya kamera. Kisha akavaa kandambili na kwenda kusimama kwenye foleni ya kutokea.

Mwisho wa foleni palikuwa na kitufe cha mviringo, kikubwa kama kisosi. Unakibonyeza. Taa ikiwaka kijani, nenda kwako. Ikiwaka nyekundu, unaingia chumba cha mashine, mashine ya eksirei inakutazama tumboni kama hukumeza kitu. Hakuna aliyejua kitufe kilichaguaje watu, kwa hiyo kila mchambuzi wa almasi alikuwa na dawa yake. Wengine walikibonyeza kwa kiwiko, wengine kwa mkono wa kushoto. Kidagaa, aliyekaa kiti cha jirani na Macho, alikipuliza kwanza kama anayepoza chai.

"Shikamoo baba mkwe," alikiambia kitufe. "Leo usiniaibishe, nina wageni."

Kijani. Akageuka, akamkonyeza Macho, akapita.

Macho akabonyeza. Nyekundu.

Mpekuzi, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, alifungua mlango wa chumba cha mashine. Alimwuliza swali alilomwuliza kila mwanamke, kwa sauti ya mtu anayetangaza majina ya vituo. "Una mimba?"

"Hapana," alisema Macho.

Neno lilitoka kabla hajalifikiria. Walikuwa wamelifanyia mazoezi, yeye na mumewe, wamesimama jikoni, bomba limefunguliwa ili Bibi, mama yake mume, asisikie. Mume aliuliza, mke akajibu, mpaka jibu likawa jepesi mdomoni.

"Haya, acha kandambili hapo. Mficha uchi hazai. Simama kwenye nyayo."

Nyayo mbili za rangi ya njano zilikuwa zimechorwa chini, katikati ya mashine. Macho alizitazama. Mwaka jana alikuwa amesimama juu ya nyayo hizo akiwa hajui kama ana mimba, na baada ya muda si mrefu mimba ile ikatoka. Daktari alisema sababu si mashine, mwanga wake ni mdogo mno. Alisema huku akiandika, hakumtazama. Inawezekana alisema kweli. Macho hakuwa na sababu ya kumbishia, ila miguu yake sasa ilikataa kwenda.

"Pita basi, mama. Wenzio wanasubiri."

"Siingii."

"Unasemaje?"

"Humo siingii."

Foleni yote ikageuka kumtazama. Mtu mmoja huko nyuma alipiga mluzi mdogo, akaukata katikati. Kila aliyesimama pale alijua maana ya mwanamke anayesema hana mimba kisha anakataa mashine. Mimba ikishatoka kwenye hesabu, hubaki sababu moja tu ya kuogopa kutazamwa tumboni.

*

Walimweka kwenye chumba cha kusubiri. Mlango wake ulikuwa na kitasa upande wa nje; ndani palikuwa laini tu, chuma kilichopakwa rangi ya maziwa. Kulikuwa na benchi, meza iliyofungwa sakafuni kwa bolti, na nyuma ya ukuta mfupi kulikuwa na choo ambacho chini yake kulikuwa na chujio. Mtu aliyedhaniwa kumeza alikaa humo mpaka tumbo lake lijisemee lenyewe.

Macho alikaa kwenye benchi, magoti pamoja. Tumboni mwake hakukuwa na jiwe. Kulikuwa na kile ambacho yeye na mumewe walikuwa wakikiita "ile hali," na wakati mwingine "lile jambo letu," kana kwamba ni kesi.

Mchambuzi mwenye mimba hakuruhusiwa kupita kwenye mashine, na asiyeweza kupita kwenye mashine hakuruhusiwa kukaa kwenye chumba cha kuchambulia. Aliagwa kwa upole na kupigiwa makofi, na kiti chake kikapata mtu mwingine kabla hakijapoa. Na nyumba za kampuni hazikuwa za watu, zilikuwa za viti. "Nyumba hufuata kiti," walisema watu wa pale mgodini, kama wengine wanavyosema maji hufuata mkondo. Mkataba wa Macho ulikuwa karibu kusainiwa upya. Ukishasainiwa, hakuna ambaye angeweza kuwatoa kwenye nyumba mpaka uishe, mwenye kiti awe na mimba au asiwe nayo. Kilichotakiwa kilikuwa kufunga mdomo wiki chache na kuomba taa ya kijani.

Na sasa hata akisema kweli, ameshasema uongo. Uongo mbele ya ulinzi ulikuwa kosa la kufukuzwa bila kuagwa. Alilizungusha jambo hilo kichwani, akalitazama upande huu na upande ule, kama anavyogeuza jiwe kwenye trei. Halikuwa na upande mzuri.

Mpekuzi aliingia na trei. Mkate, chai, na kichupa cha dawa ya kulainisha tumbo.

"Ukinywa hiyo, mambo yanakwenda chapuchapu," alisema. "Mimi nakushauri kama dada. Mwaka ule kuna mtu alikaa humu bila kunywa, tukaanza kumpigia hodi kama mpangaji."

"Asante, dada."

"Usiniambie asante, kunywa."

Macho alichukua mkate. Mpekuzi aliketi ncha nyingine ya benchi, akavaa miwani, akaivua. Sheria ilimtaka akae. Kimya kilimshinda upesi.

"Unajua, mimi nipo kwenye mlango ule tangu mwanangu ananyonya, na sasa yeye ananyonyesha. Almasi sijaiona kwa macho yangu hata moja. Meno ya bandia nimeyaona. Sarafu nimeziona. Kuna bwana alimeza pete ya ndoa kwa sababu mkewe aliidai irudi. Lakini almasi, wapi!"

"Hata ukiiona hutaijua," alisema Macho. "Ikiwa haijakatwa ni kama kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga. Ukikutana nayo njiani unaipiga teke."

"Hiyo ndiyo inayotuvua nguo?"

"Hiyohiyo."

Mpekuzi alicheka mpaka kamba ya miwani ikaruka. Kisha akaelekeza kidole ukutani. Kulikuwa na mchoro mkubwa wa rangi, umewekwa kwa ajili ya wageni siku ambazo chumba kile kilikuwa ofisi, na hakuna aliyejali kuutoa. "Na ile karoti ni ya nini? Miaka yote naitazama."

"Ndilo shimo letu. Hata wataalamu wanasema ni kama karoti. Pana juu, nyembamba chini."

"Na almasi zinaota humo ndani?"

"Haziotei humo. Humo zimepita tu." Macho alifurahi kuulizwa kitu ambacho si tumbo. Aliinuka, akaweka kidole chini kabisa ya mchoro, pale rangi ilipokuwa nyekundu iliyoiva. "Zinapikwa huku. Mashimo kama hili letu, ukiyapanga mia mbili kwenda chini, moja chini ya jingine, bado hujafika. Kuna joto kali, na uzito wa nchi nzima juu. Humo kaboni, jamaa yake mkaa, inabanwa mpaka inakosa pa kwenda, inakuwa jiwe gumu kuliko yote. Zinakaa huko miaka ambayo hata mwalimu wetu wa mafunzo akiitaja alikuwa anacheka."

"Zinatokaje sasa?"

"Ardhi inapasuka. Mwamba ulioyeyuka unapanda kwa nguvu na unazikokota. Na lazima upande mbio. Ukijikokota njiani, uzito umeshapungua na joto bado lipo, almasi inageuka. Inafika juu ikiwa ule weusi wa ndani ya penseli."

"Yaani ikichelewa inaharibika?"

"Inakuwa kitu kingine."

Mpekuzi aliutazama mchoro, mdomo umemlegea kidogo. "Na zile wanazookota mtoni? Shemeji yangu alienda kuchekecha changarawe huko, akarudi na malaria."

"Mdomo wa karoti umeliwa na mvua miaka na miaka. Mawe yakadondoka, mto ukayabeba. Mengine yamefika hadi kwenye mchanga wa baharini. Watafutaji hodari hawaanzi na almasi, wanaanza na vijiwe vyekundu kama punje za komamanga, ambavyo vilipanda pamoja nazo. Wanavifuata kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye karoti. Lakini hata ukaiokote wapi, kwao ni kule chini."

"Haya, mwalimu," alisema Mpekuzi. Alikitazama kichupa, ambacho kilikuwa bado kimejaa, kisha akamtazama Macho, kisha akatazama mlango. Alionekana kutaka kusema jambo. Lakini kitasa kikalia kwa nje, naye akasimama haraka na kunyoosha sketi yake.

*

Mkuu wa Ulinzi alikuwa mtu wa adabu. Alibisha hodi kwenye mlango ambao aliyemo ndani asingeweza kuufungua, akasubiri kidogo, ndipo akaingia.

"Pole, mama. Wamekupa chai?"

"Wamenipa."

"Ina sukari?" Alikaa, akapandisha suruali kidogo magotini. "Sikuiti mwizi. Naomba hilo tulielewe. Wewe ni mchambuzi mzuri, wanasema hata jina lako linatokana na kazi yako. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Unaogopa nini?"

"Mashine."

"Mashine umeshapita mara ngapi? Ule ni mwanga mdogo, mama. Mdogo kuliko wa hospitali. Hauna madhara."

Kama hauna madhara, mbona mnauliza kama tuna mimba? Macho alilisikia swali hilo likimgonga meno kwa ndani. Aliufahamu mwanga ule kuliko Mkuu wa Ulinzi alivyoufahamu. Kila siku, kabla changarawe haijafika kwenye sanduku lake la kioo, ilipitishwa mbele ya mwanga wa aina hiyohiyo. Almasi ikiguswa nao huwaka, na pumzi ya hewa huirusha pembeni, mbali na mawe yasiyo na kazi. Kila kitu pale kilipitishwa kwenye mwanga na kuamuliwa.

"Ninaweza kusubiri," alisema. "Nitasubiri humu mpaka muone sina kitu."

"Unaweza. Ni haki yako." Mkuu wa Ulinzi alitikisa kichwa kwa huzuni ambayo haikuwa ya uongo. "Ila kwetu kusubiri kunahesabiwa ni kukataa. Na aliyekataa mashine hasainiwi mkataba, hata akitoka humu mweupe kama pamba. Si mimi niliyetunga. Ingia nusu dakika, uende ukapumzike, mkataba wako usainiwe, hadithi iishe. Unaona ilivyo rahisi?"

Macho aliona. Kila mlango uliotajwa ulikuwa wazi, na kila mmoja ungemlazimu amwache mtu mmoja nyuma.

"Nimemwita mumeo," alisema Mkuu wa Ulinzi akisimama. "Labda mtaelewana."

*

Mumewe zamani aliendesha lile lori kubwa la shimoni, lenye magurudumu marefu kuliko nyumba, na watu bado walimwita Dereva ingawa mgongo ulikuwa umemshusha kwenye usukani moja kwa moja. Sasa alitengeneza pasi na redio za majirani kibarazani, kwenye kivuli cha nyumba ya mkewe. Hakuna aliyesema "nyumba ya mkewe" mbele yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema, kwa kicheko, kabla mwingine hajamtangulia.

Aliingia ameinama upande. Vifungo vya shati alikuwa amevikosea, kola moja juu, moja chini. Mpekuzi akasogea pembeni, Mkuu wa Ulinzi akabaki mlangoni, mgongo wake ukizuia mlango usijifunge.

"Mama Kipenga."

"Baba Kipenga."

"Umekula?"

"Mkate."

"Mkate." Alikaa karibu naye, taratibu, kwa hatua tatu kama anayekunja meza. "Mama analia huko nyumbani. Wamemwambia umemeza. Anasema haiwezekani, mkwe wangu hata kidonge cha kichwa humkwama kooni, lazima akisage na ndizi."

Macho alitabasamu. "Na mtoto?"

"Kipenga amepigana. Mwenzake amemwambia mama yako atakunya almasi. Yeye akajibu, basi nitakuwa tajiri kuliko ninyi. Halafu ndipo akampiga."

"Ameumia?"

"Ameumiza." Dereva alijipangusa uso kwa kiganja. "Na mke wa fundi umeme amekuja. Salamu nyingi, habari za siku nyingi. Akatazama vyumba, akauliza kama paa letu linavuja."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia linavuja."

"Halivuji."

"Najua kama halivuji."

Nje kwenye korido watu wa zamu iliyofuata walipita, na kila aliyepita alipunguza mwendo mbele ya mlango uliokuwa wazi. Mmoja alisema, "Pole shemeji," kwa sauti ya furaha kidogo kuliko ilivyofaa.

Dereva aliinamisha kichwa karibu na sikio la mkewe, akakumbuka kwamba kunong'ona kungeonekana vibaya, akajinyoosha. Alisema kwa sauti ya kawaida, akiyachagua maneno kama mtu anayevuka matope kwa kukanyaga mawe. "Ni nusu dakika. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu."

"Za nini?" aliuliza Mkuu wa Ulinzi kutoka mlangoni, kwa adabu.

"Za shule kufunga," alisema Dereva. "Tulipanga kusafiri."

"Na mwaka jana?" aliuliza Macho.

"Mwaka jana ni mwaka jana. Daktari alishasema."

"Alisema akiandika."

"Madaktari wote wanaandika, Mama Kipenga! Ndiyo kazi yao." Alishusha sauti. "Mambo kama haya huja tena. Mungu hatoi mara moja akafunga mkono. Lakini nyumba..." Alitazama mikono yake. "Mama hana pa kwenda. Kule kwa kaka alikotoka unakumbuka walivyomweka, kwenye stoo, na mifuko ya simenti. Mimi mgongo huu hakuna wa kuuajiri. Kipenga yuko shule ya mgodi, na ya mgodi nayo inafuata kiti. Niambie ninakosea wapi. Niambie hapa nilipokosea, nami nitanyamaza."

Hakuwa amekosea popote, na hilo ndilo lililomuumiza. Kama angekuwa mkali angemjibu. Kama angekuwa mwongo angemcheka. Lakini alisema kweli tupu, na kweli ile ilikuwa imejaa chumba kama maji, ikapanda mpaka kidevuni.

"Hukukosea," alisema Macho.

"Basi?"

Macho alijijua. Tangu utoto alikuwa mtu wa kuyasema maneno yake usoni mwa sufuria na ufagio, baada ya watu kuondoka. Siku walipoifahamu ile hali, mumewe alikuwa amekaa kitandani na kusema, "Sasa tutafanyaje?" naye akasema, "Sijui." Si hilo alilotaka kusema. Lile jingine lilibaki, na kila siku iliyopita likazidi kuwa zito kulitoa.

Dereva aliuchukua ukimya kuwa ni ndiyo. Alimgeukia Mkuu wa Ulinzi. "Ataingia, mzee."

"Ni yeye aseme."

"Mimi mumewe nasema. Ni woga tu, mambo ya kina mama. Mtusamehe kwa usumbufu. Mtusamehe sana." Alisema "sana" hiyo kwa kuinamisha kichwa kwa kijana aliyekuwa mdogo kwake kwa umri, na Macho alitazama pembeni ili asione.

Kisha Dereva alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtaka alifanye. Alishuka kwenye benchi, goti moja, halafu la pili, akishikilia meza, na uso wake ukakunjamana kwa maumivu. Alikamata kisigino cha mkewe kwa mkono mmoja, akamvua kandambili ya kwanza. Akamvua ya pili. Akazipanga pamoja, akazipangusa vumbi kwa kidole gumba, kama anavyozipangusa za Kipenga asubuhi ya shule.

"Twende, mama," alisema akiwa chini. "Tumalize turudi nyumbani."

Macho alikitazama kisogo chake, nywele zilizoanza kuwa chache, na kola ile ya kupanda na kushuka. Alimpenda. Alimpenda kiasi cha kutaka kupita kwenye mashine mara mia. Akainuka.

*

Ilikuwa safari fupi. Korido, mlango wa vioo, chumba cha mashine. Sakafu ilikuwa ya baridi chini ya miguu mitupu. Mkuu wa Ulinzi alitangulia, Mpekuzi akafuata kando ya Macho, na nyuma alikuja Dereva akivuta mguu, kandambili za mkewe mkononi.

Nyuma ya kioo fundi wa mashine aliinua macho kwenye gazeti.

"Tayari?" aliuliza kwenye spika.

"Afande," alisema Mpekuzi ghafla. Sauti yake ilikuwa imepoteza ule utangazaji wa vituo. "Kwa utaratibu, labda nimuulize tena lile swali. Muda umepita."

Dereva alisimama wima kuliko mgongo wake ulivyoruhusu.

"Si alishajibu?" alisema Mkuu wa Ulinzi. "Ulimwuliza mbele ya watu, akajibu. Tukianza kuuliza kila kitu mara mbili tutalala hapa. Mama ameshachoka. Tumsaidie aende zake."

"Ndiyo, afande," alisema Mpekuzi. Akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa amefanya alichoweza, na alichoweza kilikuwa kidogo, na macho yake yakamwomba Macho radhi.

Kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza. Macho alielewa hivyo kwa uwazi mkubwa. Alikuwa amekaa humo tangu taa nyekundu akiamini kwamba mahali fulani mbele, mtu atamshika mkono na kumuuliza vizuri, taratibu, kwa namna ambayo jibu lingetoka lenyewe, na lawama zikawa za aliyeuliza. Mkuu wa Ulinzi angeuliza. Mumewe angeuliza: si unasemaje, si tutafanyaje, bali unataka nini. Sasa watu wote waliokuwa na maswali walikuwa wamemaliza.

Akapanda. Nyayo za njano zilikuwa kubwa kuliko zake, zilichorwa kwa mguu wa mwanamume. Akaziweka zake ndani yake, wa kulia, wa kushoto.

"Mikono pembeni," ilisema spika. "Kidevu juu. Usitikisike."

Mashine ilianza kunguruma polepole kabla ya kuwasha, kama jokofu linaloshtuka. Kupitia uwazi wa pembeni alimwona Dereva. Hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akimtazama tumboni, na midomo yake ilikuwa ikisogea kama ya mtu anayehesabu au anayeomba.

"Vuta pumzi," ilisema spika.

Macho alivuta pumzi. Kisha akashuka kwenye nyayo.

"Zima," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo, haikuvuka kioo. Fundi aliweka mkono sikioni. Mkuu wa Ulinzi akasema, "Mama, tafadhali, tulishakubaliana," na Dereva akasema, "Mama Kipenga!" kama anayemwita mtu aliyekaribia ukingo wa shimo.

"Zima mashine!" alisema Macho, na safari hii fundi alizima. Ngurumo ikafa. Alisikia mtu akicheka mbali kwenye foleni, akiongea na kitufe.

"Sikumeza kitu. Sijawahi kuiba hata punje moja hapa. Nina mimba. Nilipoulizwa nilisema sina, nilidanganya, na hakuna mwingine aliyenituma kudanganya, andikeni hivyo." Alisema yote hayo akimtazama Mkuu wa Ulinzi, harakaharaka, kama anayetua mzigo kabla mikono haijamwachia. Kisha akamgeukia mumewe, na hapo ndipo mwendo wake ulipopungua.

"Mama tutamtafutia pa kulala. Kipenga tutamtafutia shule. Sijui wapi, usiniulize wapi. Lakini hilo si jambo, Baba Kipenga, wala si hali. Ni mtoto. Siku ile uliponiuliza tutafanyaje nilikwambia sijui, na nilikuwa najua. Namtaka. Nilikuwa nataka kukwambia hivyo tu, kwamba huyu mtoto namtaka."